Imeshindwa Kazi Gani?

Mwezi Desemba 2024 mjukuu wangu alikuja kunisalimu kutoka Dar es Salaam. Alinipa shikamoo yake nikaitikia, tukala, tukazungumza habari za mvua na za ndugu waliofariki mwaka ule. Kisha, jua lilipokwisha kupungua ukali, akasogeza kigoda chake karibu na changu. Mimi ni mwalimu wa miaka mingi na najua jinsi kijana anavyosogea anapokuwa na ombi. "Babu," akaniambia, "nina jambo." Jambo lenyewe lilikuwa ng'ombe. Alitaka niuze ng'ombe wawili nimkopeshe fedha, aongezee katika akiba yake, anunue kadi mpya ya picha kwa ajili ya kompyuta yake.

Kompyuta hiyo naijua. Aliiunda mwenyewe mwaka 2021 kwa kununua kipuri kimoja kimoja, na siku alipoiwasha mara ya kwanza alinipigia simu kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto. Nilimpongeza kwa moyo wote, maana kijana anayejua kufunga prosesa katika ubao wake bila kupinda pini ni kijana mwenye mikono na subira. Mwaka 2023 alibadilisha prosesa, ubao mkuu na kumbukumbu yote. Sasa, mwaka mmoja tu baadaye, ilikuwa zamu ya kadi ya picha, kwa sababu kadi za mfululizo mpya zilikuwa zinatazamiwa mwezi uliofuata.

Nikamwuliza swali moja: "Hiyo uliyo nayo imeshindwa kazi gani?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haijashindwa, Babu, ila imepitwa. Na siku hizi michezo inakwamakwama."

Neno hilo, imepitwa, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Imepitwa na nani? Katika safari ya kwenda wapi? Mashine haishindani mbio na mtu. Mashine hufanya kazi au haifanyi. Lakini wamezuka miongoni mwetu wapenzi wa kompyuta, vijana werevu wenye vipaji vya kweli, ambao hawaulizani tena mashine zao zinafanya nini, bali huulizana zina miaka mingapi. Mmoja atakuambia kila mwaka ubadilishe kitu. Mwingine, anayejiona mwenye kiasi, atasema kila miaka miwili. Wa tatu atasema mitatu, na wenzake watamcheka. Mimi nasema bila kumung'unya maneno kwamba wote watatu wamejibu swali lisilofaa kuulizwa. Kompyuta haina msimu kama mahindi. Haibadilishwi kwa kalenda, hubadilishwa kwa kazi.

Najua wapo watakaosema kwamba huyu ni mzee wa enzi za chaki asiyeyajua anayoyasema. Ninawaomba wanivumilie. Ni kweli nilisomea ualimu katika Chuo cha Butimba miaka ya 1972 na 1973, na mashine ngumu kuliko zote niliyoizoea ilikuwa ya kuchapia mitihani kwa karatasi za nta. Ni kweli pia kwamba mwaka 1974, nikiwa bado mgeni kazini, Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na matunda yake hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Kwa hiyo kizazi changu kilifundishwa kuiogopa mashine hii. Mimi sikubaki katika woga huo. Mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya kustaafu, nilichukua sehemu ya kiinua mgongo changu nikaenda mjini Mwanza kwa fundi mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu, tukaketi siku mbili, tukaunda kompyuta. Yeye alielekeza, mimi nilishika bisibisi.

Prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka huohuo wa 2012. Tulianza na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Mwaka 2016 nilipoanza kufungua maandishi mengi kwa pamoja, mashine ikawa nzito, nikaongeza kumbukumbu hadi gigabaiti 8. Mwaka 2018 fundi alinishauri nitoe diski ile ya sahani zinazozunguka, niweke ya SSD isiyokuwa na kitu kinachozunguka ndani yake. Na hapo ndipo nilipoona badiliko kubwa kuliko yote, maana mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuamka sasa iliamka kabla sijamaliza kufuta miwani. Mwaka 2020 umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza kisanduku cha kugawia umeme, nikanunua kingine. Basi. Ni vipuri vitatu tu katika miaka yote hii, na kila kimoja kilikuwa na sababu ambayo ningeweza kumweleza mke wangu bila kuona haya.

Nataka niwe mwadilifu kwa wapinzani wangu. Desturi hii ya kubadilisha kila baada ya miaka miwili haikuzuka kwa wazimu. Ilikuwa na sababu, tena sababu nzuri. Mwaka 1965 mhandisi wa Kimarekani, Gordon Moore, alieleza kwamba idadi ya vijenzi katika kipande kimoja cha silikoni ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha makadirio yake kuwa kila miaka miwili. Wenye viwanda waliyafanya maneno yale kuwa ratiba yao ya kazi. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikwenda kwa kasi ya megahezi 4.77. Kufikia mwaka 2000 prosesa za gigahezi 1 zilikuwa sokoni, yaani kasi imepanda zaidi ya mara 200 katika muda usiofika miaka 20. Programu nazo zilizidi kuhitaji nafasi: Windows 95 ilidai kumbukumbu ya megabaiti 4 kwa uchache, na Windows XP ya mwaka 2001 ikadai megabaiti 64, mara 16 katika miaka sita. Mtu aliyekaa na mashine ile ile miaka sita wakati huo alikuwa kweli ameachwa kituoni na basi limeondoka. Kubadilisha kila miaka miwili au mitatu ilikuwa busara.

Lakini sasa tutazame yaliyofuata. Mwishoni mwa mwaka 2004 Intel ilikuwa imefikia gigahezi 3.8. Mwaka 2023, baada ya miaka ipatayo 19, kampuni hiyohiyo ilitoa prosesa ya gigahezi 6. Haijafika hata mara mbili! Wataalamu watanikumbusha kwamba prosesa za leo zina viini vingi, na kwamba kila kiini hufanya kazi nyingi zaidi kwa mzunguko mmoja kuliko zamani. Ni kweli, nami silikatai. Anayekata filamu au anayepiga hesabu nzito za kihandisi hufaidika na viini 16. Lakini anayeandika barua, anayetunza hesabu za duka, anayesoma mtandaoni, na hata yule anayecheza michezo jioni baada ya kazi, tofauti kati ya mashine ya miaka mitano na ya jana ataiona zaidi katika takwimu za majaribio kuliko katika kiti chake. Sababu ya desturi imekufa, desturi yenyewe imebaki. Sisi walimu tunaifahamu hali hiyo: ndiyo ya mwanafunzi anayeendelea kukimbia wakati kengele ya kuchelewa ilikwisha kunyamaza.

Je, nani aliyeiweka hai? Wauzaji, kwanza. Mwaka 2017 Intel ilitoa prosesa za kizazi cha nane zenye soketi ya pini 1151, idadi ileile ya vizazi viwili vilivyotangulia. Mnunuzi angetegemea kuitoa ya zamani na kuipachika mpya. La hasha! Alitakiwa anunue na ubao mkuu mpya. Kampuni ilieleza kwamba mpangilio wa umeme katika pini ulikuwa umebadilika, na kweli ulibadilika. Lakini baadhi ya wapenzi wa ufundi walichezea programu ya ndani ya mbao za zamani, wakaziwasha prosesa hizo mpya juu yake. Kwa upande mwingine, mbao za soketi ya AM4 za kampuni ya AMD zilizonunuliwa mwaka 2017 nyingi ziliweza kubeba prosesa zilizotoka mwaka 2022, kwa kuongezewa programu tu. Na hata hilo halikuja bure. Mwezi Mei 2020 AMD ilitangaza kwamba mbao zake za mfululizo wa 400 hazingezipokea prosesa zilizokuwa njiani. Wapenzi wakapiga kelele, na mwezi huohuo kampuni ikageuza kauli. Hapo nawavulia kofia wapenzi. Nguvu ile ile wanayoitumia kushindania nani ana kipya, wakiitumia kudai vya zamani viendelee kuhudumiwa, makampuni husikia.

Pili, kuna wenye mfumo endeshi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na kuwapa watumiaji wa nyumbani nyongeza ya mwaka mmoja tu ya marekebisho ya usalama kwa masharti. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel haizitambui rasmi prosesa za kabla ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Yangu ni ya kizazi cha tatu. Kwa hukumu hiyo kompyuta yangu ilikufa Jumanne ile, ingawa asubuhi yake Jumatano iliamka kama kawaida na kuniuliza nywila. Fundi wangu akaja na kifaa kidogo cha kuchomeka, akaifuta Windows, akaweka Linux Mint, ambayo hailipiwi hata senti. Nilisumbuka wiki moja kutafuta mahali zilipo alama za kupigia mistari chini ya maneno. Wiki ya pili niliendelea na kazi. Makala haya nayaandikia humo.

Tatu, na hapa ndipo panaponiuma, walioiweka hai desturi hii ni sisi wenyewe, maana wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nami nina kidonda changu cha kuonyesha.

Mwaka 2004 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari. Tulikuwa na kompyuta tatu za mtumba ambazo zilituchapia mitihani, zikatutunzia orodha za ada na kuwafundisha wanafunzi wachache kubonyeza herufi. Akaja muuzaji mmoja, amevaa tai, ana maneno matamu. Akazitazama mashine zetu akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari mbele ya mgonjwa asiyepona. Akasema zimepitwa. Neno lilelile! Nikaona aibu mbele ya walimu wangu. Nikaitisha kikao cha wazazi, nikawahutubia habari za maendeleo, wakachanga. Wengine, najua, waliuza mpunga wa chakula ili wachange. Tukanunua mbili mpya, na zile tatu tukazifungia stoo. Katika masika ya pili radi ilipiga laini ya umeme, zote mbili zikaungua, na hatukuwa na fedha za kuzitengeneza. Tulipokwenda stoo kuzirudisha zile tatu, tulikuta panya wamezaa ndani ya makasha na kutafuna nyaya. Tukarudi kwenye mashine ya karatasi za nta. Hakuna mzazi aliyeniuliza, kwa kuwa mkuu wa shule siku hizo hakuulizwa. Mimi ndiye ninayejiuliza mpaka leo, na jibu ni kwamba zile tatu hazikuwa zimeshindwa kazi yoyote.

Basi mjukuu wangu aliponiomba ng'ombe sikumpa. Nilimweleza niliyoyaeleza hapa, kwa upole, nikidhani amenielewa. Aliondoka na heshima zake zote.

Mwezi Juni 2025 nilikwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, nikafikia kwake. Katika chumba kimoja na sebule nikaiona kompyuta yenyewe, ina kioo ubavuni na taa za rangi kama duka la simu. Kadi mpya ilikuwa ndani. Ile ya zamani ilikuwa juu ya kabati, katika boksi lake, inangoja mnunuzi. Sikuuliza fedha zimetoka wapi. Niliziona zilikotoka usiku ule, simu ilipoanza kulia mfululizo naye akawa anatoka nje kuipokea. Alikuwa amechukua mkopo, ule ambao watu wa mjini wameupa jina linaloustahili, kausha damu.

Na je, michezo iliacha kukwama? Haikuacha! Alinikiri mwenyewe kwamba kadi mpya imesaidia kidogo tu, na kwamba sasa anashuku prosesa. Nikampigia fundi wangu wa Mwanza. Akauliza kitu kimoja: "Mwalimu, imefunguliwa lini kusafishwa?" Kijana akatazama chini. Ilikuwa haijafunguliwa kusafishwa tangu mwaka 2023. Hata siku ya kupachika kadi mpya alikuwa na haraka, akafunga kama alivyokuta. Tukaifungua sote wawili sakafuni. Vumbi la Dar es Salaam, likichanganyika na unyevu wa bahari, lilikuwa limefanya blanketi juu ya feni ya prosesa. Dawa ile inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuipooza ilikuwa imekauka. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Wameiumba hivyo makusudi. Tukasafisha kwa brashi ya rangi na pumzi zetu, tukapaka dawa mpya ambayo bei yake haifiki ya sahani mbili za chipsi, tukaiwasha. Michezo haikukwama tena. Kijana wangu alikuwa amenunua kadi kwa mkopo wa kausha damu ili kutibu vumbi.

Ningependa kukuambia, msomaji, kwamba mambo yaliishia hapo kwa kicheko. Hayakuishia hapo. Riba ilipanda, mshahara haukutosha, na mwezi Agosti aliuza kompyuta yote, pamoja na taa zake, kwa bei ya kutupa. Mashine aliyoiunda kwa mikono yake, ambayo siku za Jumamosi ilikuwa ikimpatia vijisenti vya kukatia watu filamu za harusi, ilikwenda kulipa deni la kipuri kimoja ambacho haikukihitaji. Usiache mbachao kwa msala upitao, tuliambiwa. Yeye msala umempitia, na mbacha umekwenda nao.

Sasa nizijibu hoja tatu ambazo vijana hunipa, maana si haki kushambulia kisha kukimbia.

Hoja ya kwanza: "Ni starehe yangu na fedha ni yangu. Wengine hunywa pombe, mimi hununua vipuri." Nakubali nusu. Starehe ya mikono ni bora kuliko starehe nyingi ninazozijua, na mtu akitoa fedha yake ya ziada, baada ya kodi ya nyumba, ada na chakula, abadilishe hata kila mwezi, sitamfuata. Lakini fedha ya mkopo si yake. Na starehe isiyotulia hata mwaka mmoja, ambayo siku ya kufunga kipuri kipya ndiyo siku ya kuanza kukitamani kinachofuata, hiyo si starehe tena; ni kiu ya mtu anayekunywa maji ya bahari. Wala hasara haiishii dukani. Kadi ya GTX 1080 Ti ya mwaka 2017 ilikula wati 250. RTX 5090 ya Januari 2025 hula hadi wati 575. Iwashe kwa nguvu zake zote saa nne kila siku, na katika siku 30 kadi peke yake imekula uniti 69 za luku.

Hoja ya pili: "Nikiwahi kuuza cha zamani napata bei nzuri, nikingoja hakina thamani." Hii ni hesabu ya mfanyabiashara, na kwa anayewahi kweli huenda ikawa na ukweli ndani yake. Lakini kila mbadilishano una hasara yake, na hasara ndogo ikirudiwa mara tano katika miaka mitano ni kubwa kuliko hasara moja ya mwishoni. Tena soko si kitu cha kuaminiwa. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu za kompyuta zilipaa duniani kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye majumba makubwa ya kompyuta za akili mnemba. Waliokuwa na kumbukumbu ya kutosha na kutulia nayo walionekana ghafla kuwa wenye hekima. Waliouza wakingojea mpya ishuke bei walibaki mikono mitupu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: "Babu, bila watu wa Ulaya na Marekani kubadilisha mashine zao mapema, sisi tungepata wapi mtumba?" Ni kweli. Zile kompyuta tatu za shule yangu zilikuwa mtumba, na ofisi nyingi hapa nchini zimejengwa juu ya mtumba. Simtukani anayetupatia mashine nzima, yenye uhai wa miaka mitano mbele yake. Lakini si kila kinachopakiwa melini ni mashine nzima. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilisema kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Katika Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia 1. Maana yake kipuri anachokitupa mpenzi wa kompyuta mahali fulani duniani kinaweza kuishia motoni, mtoto wa mtu akichoma nyaya ili apate shaba. Na mfumo endeshi unapokataa prosesa za zamani, hukata uhai wa mtumba wetu hata kabla haujashuka bandarini.

Mtaniuliza: je, tusibadilishe kamwe? Hapana. Mimi mwenyewe nimebadilisha mara tatu. Ninachotaka ni kwamba kabla ya kufungua mkoba tuulizane kama walimu tunavyomwuliza mwanafunzi anayedai daftari jipya. Onyesha kazi iliyoshindikana. Taja kazi yenyewe, siyo namba iliyosomwa mahali. Kisha onyesha kwamba umeisafisha mashine, umeangalia joto lake, na umeondoa programu zisizotakiwa. Kisha taja kipuri kimoja kinachokwamisha. Ni nadra vyote vikwamishe kwa pamoja, na mara nyingi dawa ni kumbukumbu au SSD, vipuri viwili ambavyo havina taa wala majivuno. Kisha onyesha fedha mkononi. Mwisho, taja jina la mtu atakayepewa cha zamani. Asiyeweza kujibu hayo, na arudi akae kwenye dawati lake.

Na kwa wale wanaotaka namba tu, kwa kuwa wamezoea namba, nitawapa ya kwangu. Prosesa na ubao vilivyochaguliwa vizuri visiguswe kabla ya miaka saba. Kadi ya picha, kwa anayecheza michezo, miaka mitano. Kisanduku cha umeme kilicho imara kinaweza kuhudumia mashine mbili mfululizo. Kasha, kama halijapata kutu, mrithishe mwanao. Anayekata filamu kwa ajira na apunguze miaka hiyo kadiri ya saa anazookoa, mradi amezihesabu kwa kalamu, siyo kwa moyo.

Mjukuu wangu alirudi Desemba 2025. Safari hii hakusogeza kigoda. Alipoiona kompyuta yangu mezani aliifungua ubavu bila kuambiwa, akaitazama ndani, akaomba brashi. Hatukusema mengi. Tumekubaliana kwamba deni lililobaki tutalimaliza wote wawili kufikia mavuno, kisha tutaanza kutafuta kipuri cha kwanza. Ng'ombe wale wawili bado wamo zizini, na mmoja amezaa.

Nimesema yangu. Anayeona nimekosea naye ana kalamu, aandike. Ila aanze kwa kunieleza mashine yake imeshindwa kazi gani.